Mkondo Kwanza, Chujio Baadaye: Kupanga Maji ya Tangi la Matumbawe



Mhadhara huu umetokana na kauli moja. Katika semina fulani, mhandisi wa maji ninayemheshimu alisimama akasema kwamba tangi la matumbawe la nyumbani ni mtambo mdogo wa majitaka, basi. Pima ujazo wake, alisema, uzidishe mara kumi, nunua pampu ya kupitisha lita hizo kwenye chujio kila saa, na kazi imekwisha. Wengi waliafiki. Mimi sikuafiki, na leo nimepewa saa nzima ya kueleza sababu.

Ya msingi mnayajua, nitayapitia haraka. Samaki hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Na ndani kabisa ya mawe hai, yaani mawe ya mwambani yenye viumbe ndani yake, kusikofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka zake hewani. Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 jinsi ya kufuga viumbe wa baharini kwa mawe hai na mapovu ya hewa tu. Wafugaji wa Berlin wakaja kuongeza chujio la povu, taa kali na mikondo yenye nguvu. Historia hiyo ni tamu, lakini siyo iliyonileta hapa.

Turudi kwenye ile "mara kumi". Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina cha maji 65. Hilo lina lita 390. Mara kumi ni lita 3,900 kwa saa. Sasa yatandaze maji hayo yapite tangini kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ukokotoe kasi yake: thuluthi moja ya sentimita kwa sekunde. Tone la maji litachukua dakika sita kuvuka tangi. Huo ndio mkondo tunaoambiwa unatosha kuendesha maisha ya kiumbe aliyezoea mawimbi ya mwambani.

Mhandisi atanijibu, na kwa haki, kwamba maji hayatembei yametandazwa hivyo. Pampu huyarusha kwa nguvu mahali pamoja. Nakubali, na hapo ndipo kanuni yake inapovunjika kabisa. Lita zilezile 3,900 zikitoka kwenye mdomo wa bomba wenye kipenyo cha sentimita mbili, zinatoka kwa kasi inayozidi mita tatu kwa sekunde, na tumbawe lililo mbele ya mdomo huo litachunwa nyama libaki mfupa. Zikitoka kwenye mdomo wa sentimita 20, kasi ni sentimita tatu na nusu. Hesabu ya lita haikubadilika hata kidogo. Kama namba moja inaweza kumaanisha kuua kwa nguvu au kuua kwa utulivu, namba hiyo haipangi kitu.

Na kwa nini utulivu uue? Kila tumbawe limezungukwa na utando mwembamba wa maji yasiyosogea. Ndani ya utando huo hakuna pampu inayosaidia. Oksijeni hupenya yenyewe, molekuli kwa molekuli, na kwa mwendo huo kuvuka milimita moja huchukua takriban dakika nne. Mkondo ukiongezeka, utando hupungua unene. Usiku oksijeni huingia kwa wepesi zaidi. Mchana oksijeni ya ziada, inayotengenezwa na miani midogo iliyomo ndani ya nyama ya tumbawe, hupata njia ya kutoka kabla haijadhuru. Chujio, liwe la bei gani, haliugusi utando huo. Unaweza kuwa na maji safi kuliko ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, na bado tumbawe likakosa pumzi katikati yake.

Baada ya joto la mwaka 1998, lililoacha miamba ya pwani yetu nayo ikiwa myeupe, Takashi Nakamura na Robert van Woesik walifanya jaribio huko Okinawa, wakalichapisha mwaka 2001. Waliweka matumbawe ya jenasi ya Acropora katika maji ya joto, mengine kwenye mkondo wa sentimita 50 hadi 70 kwa sekunde, mengine sentimita mbili hadi tatu. Ya mkondo mkali yalipona. Ya mkondo mdogo yalikufa kwa wingi. Sitaki kulipakia jaribio hilo zaidi ya linavyoweza kubeba: muuaji pale alikuwa joto, si utulivu peke yake. Lakini angalieni kwamba ule mkondo mdogo wa Okinawa ni karibu mara saba ya kasi niliyowakokotolea punde.

Mama yangu alilima mwani Paje, Zanzibar. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa, alisimama maji yakimfika magotini akitazama kamba za waliotangulia. Kamba iliyochezacheza ilimwambia apigilie vigingi vyake karibu nayo. Iliyolala ilimwambia aondoke, maana palipotulia matawi ya mwani yaliota weupe, yakalegea na kukatika. Maji ya hapa na ya pale yalikuwa yaleyale ya bahari moja, na usafi wake ni mmoja. Alichokuwa akichagua ni mwendo.

Swali la mama ndilo alilojiuliza Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii, mtu aliyechangia sana kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino, kulikotoka mbegu iliyofika Zanzibar mwaka 1989.  Makala ya Doty ya mwaka 1971 kuhusu kupima mwendo wa maji nimeisoma na kuirudia, na kila mwanafunzi wangu huanza nayo. Njia yenyewe ni hii: unakoroga plasta, ile POP ya mafundi wa dari, unaimimina kwenye trei ya barafu, ikikauka unakipima kila kipande uzito na kukigundisha kwenye kadi ya plastiki. Kadi unaziacha majini kwa saa 24, unazikausha, unazipima tena. Kilichopungua unakigawanya kwa kilichopungua kwenye kadi iliyokaa ndooni, katika maji yasiyosogea. Jawabu linakueleza mahali hapo pameoshwa mara ngapi zaidi ya maji yaliyolala.

Natamani nyote mngeziona kadi zikitoka tangini. Ya mbele, karibu na pampu, imelika pembe zote na kuwa laini kama kipande cha sabuni cha mwisho wa wiki. Ya nyuma ya jiwe kubwa, umbali wa shibiri moja tu, bado ina mikwaruzo iliyoachwa na trei, na juu yake pameketi vumbi la kinyesi cha samaki. Vumbi hilo halitalifikia chujio kamwe. Chujio hupokea tu kile ambacho mkondo umekileta.

Njia hii ina wapinzani. Porter, Sanford na Suttles walionyesha mwaka 2000 kwamba plasta inayeyuka kwa namna tofauti katika mkondo wa moja kwa moja na katika maji yanayokwenda na kurudi, kwa hiyo huwezi kulinganisha ghuba na ghuba ukajiaminisha. Wako sahihi. Lakini mfugaji halinganishi ghuba. Analinganisha pembe mbili za tangi moja, joto lilelile, chumvi ileile. Kwa kazi hiyo sijaona kitu bora kwa bei hiyo. Wala haiongezi kitu kigeni tangini: plasta inayoyeyuka ni kalisi na salfati, ambazo maji ya bahari tayari yana miligramu kama 400 na 2,700 kwa lita.

Ninajua pia kwamba si matumbawe yote yanayopenda kupigwa. Yako ya ghuba zilizotulia, yenye nyama nene, yanayojikunja mkondo ukizidi. Pampu hupasha maji joto. Chujio la povu lina kazi yake, na siku samaki anapofia nyuma ya mwamba utashukuru kuwa nalo. Yote hayo nimeyaweka kwenye mizani, na bado nasema: panga mawe kwanza, machache, yenye nafasi nyuma yake, tia pampu za kuzungusha, zinazobadilishana ili mkondo ugeuke, pima kwa kadi, hamisha jiwe, pima tena. Ukimaliza ndipo ununue chujio, na bomba lake lipitishe maji kwa utaratibu tu, kwa kuwa kazi ya mwendo hailihusu tena.

Mhandisi wangu aliniuliza pembeni, siku ileile ya semina, umeme ukikatika usiku na betri ni moja, nitaiunganisha na nini. Maji ya bahari ya nyuzi 26 hubeba chini ya miligramu saba za oksijeni kwa lita, na gizani kila kiumbe tangini anaitumia, hakuna anayeizalisha. Nitrati inaweza kusubiri hadi asubuhi, hata hadi kesho kutwa. Nilimjibu kwamba betri itakwenda kwenye pampu ya kuzungusha, iliyoelekezwa juu ivunje uso wa maji, na chujio litabaki limezimwa.