Mimea ya Majani Mapana Bustanini



Nimeombwa niseme juu ya migomba na magimbi, ambayo wengi wetu twapenda kuipanda ili majani yake mapana yapambe nyumba. Mimea hii yataka maji, samadi na kinga ya upepo. Maana jani pana hupoteza maji mengi wakati wa jua, na upepo hulipasua kama kitambaa. Magimbi huvumilia kivuli, bali mgomba wataka jua. Funikeni udongo kwa nyasi kavu, unyevu usiondoke.

Lakini liko jambo kubwa kuliko uzuri. Pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina, maji ya mvua hutuama, na hata yakiwa kijiko kimoja mbu huzaa humo. Wataalamu wa taasisi iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936 waliyachunguza hayo huko Bwamba, magharibi ya Uganda. Waliona kwamba kima waibao ndizi huleta homa ya manjano toka msituni, na mbu wa migomba huwaambukiza watu. Homa hiyo haina dawa ya kuiua. Ina chanjo ya kuikinga.

Sisemi mimea ing'olewe. Yafaa ipandwe mbali na madirisha, na majani makuukuu yakatwe. Tena watoto waonywe wasitafune gimbi bichi wala jani lake, kwani huwasha kinywa na koo vibaya.

Bustani ni sifa ya mwenyewe, bali mbu hajui mpaka wa jirani.