Namba Tasa Iliyozaa
(Mazungumzo na wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipokuwa mwalimu wa hesabu, kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, namba tasa zinatusaidia nini?" Nikamjibu, "Zinakuja kwenye mtihani." Darasa likacheka. Yule kijana hakuniuliza swali tena mpaka alipomaliza shule. Leo nimekuja kulipa deni lile.

Chukueni namba 2,147,483,647. Ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Namba hii ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini utajuaje? Mtu angeweza kuigawa kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 46,341. Namba tasa hizo zinazidi 4,700. Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, hakupita njia hiyo. Alionyesha kwamba kama namba hii ina kigawo tasa kilicho kidogo kuliko yenyewe, basi kigawo hicho kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kwa sharti hilo, hazikubaki hata namba 400 za kujaribu. Zote zilishindwa kuigawa. Matokeo hayo aliyatoa mwaka 1772, akiwa karibu kipofu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haielekei mtu kutafuta kupita hapo, kwa kuwa namba kamilifu zinazotokana na namba za ukoo huu ni za kustaajabisha tu, hazina faida. Lakini mambo mawili yalifuata. Kwanza, watu hawakuacha kutafuta. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, ni tasa. Ina tarakimu 39. Oktoba 2024 ilitangazwa nyingine ya ukoo huo huo, yenye tarakimu 41,024,320.

Pili, faida ya namba tasa ilikuja. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni njia ya kufunga siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Kuzizidisha ni kazi ndogo kwa kompyuta. Kupewa jibu tu na kuzitafuta zile mbili ni kazi inayoshinda kompyuta kubwa, ikiwa namba zina tarakimu mia kadhaa. Njia hiyo imelinda barua na fedha za watu wasiojua hata maana ya namba tasa.

Kiswahili kimeziita tasa, yaani zisizozaa. Tazameni zilivyozaa, baada ya miaka mingi ya kuitwa mchezo.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiuliza "inatusaidia nini?", tusimjibu kwa mtihani. Tukiwa hatujui, tuseme hatujui, tutafute pamoja naye. Nanyi vijana, hata darasa likicheka, ulizeni tena.