Kasi ya Intaneti Peke Yake Haitoshi

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Ndugu wajumbe na wapendwa wafadhili, nimeombwa nieleze kwa nini sauti hukatika mganga wa zahanati anapozungumza na daktari bingwa kwa njia ya kompyuta, hata pale tulipokwisha kulipia intaneti ya kasi.

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unashauri sauti imfikie msikilizaji ndani ya milisekunde 150. Zamani tulitegemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta. Kupanda na kushuka tu kulichukua kama milisekunde 250. Mikongo ya baharini ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, safari hiyo ilifupika sana. Kwa hiyo, sasa tutazame pia ndani ya kompyuta zenyewe.

Sauti husafirishwa kwa vipande vidogo, aghalabu vya milisekunde 20 kila kimoja. Vikifika, hupokewa na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayozigawia programu nyingine zamu. Mifumo ya kawaida hujali kazi nyingi zikamilike. Haitoi ahadi kwamba kila kazi itapata zamu kwa wakati. Kompyuta ikiwa inasaka virusi au inahifadhi nakala za taarifa, sauti husubiri. Ni kama mgonjwa mahututi kupangwa foleni moja na aliyekuja kubadilishiwa bandeji.

Kipande kilichochelewa mno hutupwa. Vipande 20 vikipotea mfululizo, hiyo ni sekunde 0.4. Daktari akisema “kumi na tano”, mganga aweza kusikia “tano”. Wastani wa siku nzima utaonekana mzuri, lakini dozi imekosewa.

Basi, kabla ya kuchangisha fedha za intaneti kubwa zaidi, napendekeza yafuatayo:

Kwanza, fundi apime ucheleweshaji mkubwa kabisa, si wastani tu.

Pili, kompyuta ya ushauri wa daktari isifanye kazi nyingine saa hizo.

Tatu, fundi afikirie Linux, isiyolipiwa leseni. Tangu mwaka 2024 kiini chake kina uwezo wa kutanguliza kazi zisizoweza kusubiri, nao huwashwa wakati wa kukiandaa.

Nne, kila dozi irudiwe kwa maandishi.

Sadaka ya mjane na mchango wa mfadhili vinastahili kutumika mahali penye tatizo.