Sigara Haikutulizi, na Mlevi Usimfungie Chumbani



Hukumu mnaijua tangu madrasa, leo sitairudia. Nataka tuongee kuhusu ubongo.

Kila nikikaa maskani na vijana nasikia neno moja: "Mimi navuta kupunguza mawazo." Haya. Ukivuta sigara, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hivi. Inagusa vipokezi vyake, ubongo unamwaga dopamini, unasikia raha. Ukiendelea, ubongo unajiongezea vipokezi. Sasa vikikaa saa mbili tatu bila kitu vinaanza kudai. Unakuwa mkali, mikono haitulii, hata ukurasa mmoja wa kitabu unakushinda. Unawasha nyingine, unatulia, halafu unaniambia, "Si unaona inanisaidia?" Ndugu yangu, ile shida umeletewa na sigara ya asubuhi. Ni kama mtu akuibie viatu kisha akukodishie, na wewe umwambie ahsante.

Shisha ni yale yale. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, lakini sote tunajua bado inapatikana wapi. Yale maji yanapoza moshi tu. Nikotini inapita, na gesi ya makaa, kaboni monoksaidi, inapita pia na kukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu inayokwenda kichwani. (Muguka najua mtaniuliza. Ina siku yake.)

Tuje kwa pombe. Neno khamr kwa Kiarabu asili yake ni kufunika, mzizi mmoja na khimar, mtandio. Na kweli inafunika. Hapa nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayopima mambo na kukwambia "ngoja kwanza". Pombe inailegeza mapema. Ndio maana mtu mpole anamtukana mamake usiku, na asubuhi anaapa hakumbuki. Huenda hadanganyi. Sehemu inayoandika kumbukumbu, hipokampasi, pombe ikizidi huacha kuandika, kwa hivyo hakuna cha kukumbuka.

Na hiyo sehemu ya mbele inaendelea kukomaa mpaka miaka 25 hivi. Wengi mlio hapa hamjafika. Anayeanza na miaka 15 anabomoa nyumba ambayo bado haijaezekwa.

Mlevi wa miaka mingi hali vizuri, na pombe yenyewe inauzuia mwili kuchukua vitamini B1. Ikikosekana, ubongo unaumia. Mtu anayumba hata siku ambayo hajanywa, na anakusimulia mambo ya jana ambayo hayakutokea, naye anayaamini. Madaktari wanauita ugonjwa wa Wernicke na Korsakoff. Sisi mtaani tunasema amerogwa, tunazunguka kwa waganga, na wakati unapotea.

Sasa hapa mnisikize vizuri. Kuna familia zinamfungia mlevi chumbani siku tatu nne "mpaka imtoke". Nia ni njema. Lakini pombe ni kama breki, na ubongo unaoipata kila siku hujiongeza kasi ili uweze kufanya kazi. Ukiitoa breki ghafla, ile kasi inabaki. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho, anaona vitu visivyokuwepo, anaanguka kama mwenye kifafa, na anaweza kufa humo humo ndani huku nyinyi mkidhani ni jeuri. Si kila anayekunywa. Ni yule anayekunywa sana, kila siku, kwa muda mrefu. Huyo mpelekeni hospitali, daktari amtoe kwa dawa na B1 juu.

Sigara ni tofauti. Hiyo unaweza kuiacha leo hii. Utasumbuka wiki chache, usingizi utapotea, utagombana na watu, lakini kuiacha hakukuui.

NACADA wana laini ya bure, 1192, andikeni kwenye simu zenu saa hii. Na aliye na mtu wa hali hiyo nyumbani anione tukimaliza, tupange gari na nani wa kwenda naye.