Mboga Chungu Zipite Chunguni Kwanza

Mazungumzo kuhusu mboga za mwituni na smuthi za afya, kwa vikundi vya kina mama, vijana wafanyabiashara na wahudumu wa afya ya jamii, Kaunti ya Kilifi



Masika yakishika, wiki mbili tatu tu zatosha. Kuanzia Ganze hadi Magarini, Kaloleni hadi Rabai, kingo za mashamba hujaa mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Kuna mchicha wa porini, mnavu, mwangani, mlenda, na mchunga ambao Wagiriama huuita mutsunga. Bara mboga hizi zina majina mengine: mnavu ni managu, mwangani ni saga, mlenda ni mrenda. Majina ni mengi, lakini mboga ni zile zile.

Watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wameorodhesha takriban aina 200 za mimea ya asili ambayo majani yake huliwa nchini. Kazi ya kuzirudisha mezani ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021, ilipoiweka juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa jamii. Mboga hizi, basi, si chakula cha aibu wala cha msimu wa njaa peke yake.

Siku hizi zimepata njia mpya ya kuliwa. Mjini Kilifi, Malindi, Watamu na Mtwapa, vijana wanasaga majani na matunda kwa blenda na kuuza kinywaji kizito cha kijani kiitwacho smuthi. Hilo ni jambo jema. Mtoto anayekunja uso akiona mutsunga kwenye sahani hunywa gilasi nzima iliyochanganywa na embe. Mzee asiye na meno hupata mboga bila kutafuna. Mama mjamzito anayeshindwa na chakula kizito asubuhi hupata kitu chepesi tumboni.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila anayetumia blenda anapaswa kulijua: mboga nyingi za mwituni hazikuwahi kuliwa mbichi, na kulikuwa na sababu.

Kwa nini bibi alichemsha

Wapishi wa zamani walichemsha mnavu na kumwaga maji ya kwanza. Mutsunga walichemsha na kuuchanganya na mboga nyingine zisizo chungu. Kisamvu walikitwanga, wakakipika kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Sehemu za bara waliongeza maziwa kwenye mwangani. Hakuna aliyewafundisha kemia, lakini kila hatua ilikuwa na kazi yake.

Mchicha una oksaleti, kiini ambacho kikizidi mwilini hushikana na kalsiamu na kinaweza kuwa mawe kwenye figo. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zinaweza kuwa na takriban gramu 1 ya oksaleti. Majani yakichemshwa na maji yakamwagwa, sehemu kubwa ya oksaleti hiyo huondoka na maji. Maziwa nayo yana kalsiamu, ambayo huikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Mnavu una alkaloidi, hasa katika matunda yake mabichi ya kijani. Kisamvu kina viini vinavyotoa sayanidi, ambayo ni sumu kali. Kutwanga na kuchemsha vizuri huiondoa. Kisamvu kibichi hakiingii kwenye smuthi kabisa, hata jani moja.

Ndipo ilipo hatari ya blenda. Hakuna mtu awezaye kukaa chini akatafuna konzi nne za mchicha mbichi. Taya zitachoka na ulimi utakataa. Blenda humaliza kazi hiyo kwa dakika moja, na konzi zote nne zikaingia ndani ya gilasi. Isitoshe, uchungu ni onyo. Mtu akila jani baya hulitema. Jani hilo hilo likisagwa pamoja na embe, ndizi na asali, ulimi haupati habari. Madaktari katika nchi kadhaa wameeleza visa vya watu walioharibika figo baada ya kunywa kwa wingi, siku baada ya siku, smuthi za majani mabichi yenye oksaleti. Watu hao waliamini wanajitibu.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: mboga ipite chunguni kwanza, ndipo iende kwenye blenda.

Kinachopotea na kinachorudishwa

Wengine watauliza: kuchemsha si kunaua vitamini? Ni kweli kwamba sehemu ya vitamini C huharibika kwa moto au humwagwa na maji. Madini ya chuma na kiini cha vitamini A, kile kinachoonekana kwa rangi ya karoti na embe, huvumilia moto vizuri zaidi. Vitamini C iliyopotea hurudishwa na tunda bichi linaloongezwa baadaye: embe, papai, nanasi, pera au chungwa.

Hapa pwani kuna zaidi. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, gramu kwa gramu. Vitamini C hiyo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Vijiko viwili vitatu vya tui la nazi navyo vina kazi, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini. Mbuyu, mnazi na mchicha, vyote vinapatikana karibu na nyumbani.

Namna ya kutengeneza

Kwa gilasi nne, chukua konzi mbili za majani machanga ya mchicha. Yaoshe mara tatu kwa maji safi. Yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5, sufuria ikiwa wazi, kisha mwaga maji na uyaache yapoe. Saga majani hayo pamoja na embe moja bivu au kipande cha papai, ndizi mbivu mbili, vijiko viwili vya unga wa ubuyu na vijiko vitatu vya tui la nazi. Ongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi kinywaji kiwe na uzito unaopendeza. Sukari haihitajiki, ndizi inatosha.

Asiye na blenda wala umeme asikate tamaa. Majani yaliyochemshwa hutwangika kwa kinu na mchi, matunda hupondwa kwa mwiko, na yote huchanganywa kwenye jagi.

Kwa mutsunga, tumia nusu konzi tu, chemsha, mwaga maji, kisha changanya na mchicha na nanasi. Mnavu ufanyiwe vivyo hivyo, majani peke yake, bila matunda ya kijani. Mwangani uchemshwe kwa muda mrefu kidogo hadi ulainike. Mlenda hufanya kinywaji kiteleze. Wanaoupenda watauweka kidogo.

Anayetaka kuweka maziwa lala badala ya tui anaweza, na hasa yule aliyewahi kupata mawe kwenye figo, baada ya kuzungumza na daktari. Lakini kalsiamu ya maziwa hupunguza kiasi cha madini ya chuma kinachochukuliwa na mwili. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu atumie ile ya ubuyu isiyo na maziwa, na asinywe chai karibu na wakati huo, kwa sababu majani ya chai pia huzuia madini ya chuma. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki aendelee kuvimeza kama alivyoelekezwa. Smuthi ni chakula, haichukui nafasi ya vidonge hivyo.

Kinywaji kinywewe siku hiyo hiyo. Kikilala bila friji, kimwagwe.

Wapi pa kuchuma, na nini cha kuchuma

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mchumaji asichume jani asilolijua kwa jina, kwa sura na kwa harufu. Mnanaha huota mahali pale pale panapoota mchicha, kwenye mashimo ya taka na kando ya maboma ya ng'ombe. Maua yake ni meupe au ya zambarau, marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba. Majani na mbegu zake huleta kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo kwenda mbio na hata kifo. Mwaka 2019 nchini Uganda, watu 5 walifariki na mamia wakaugua baada ya kula unga wa lishe uliochanganyika na sumu ya mmea wa jamii hiyo. Unga ule ulikuwa umepita kwenye mikono mingi kabla ya kufika sahanini. Mchumaji wa kijijini ana macho yake peke yake, basi ayatumie.

Majani yachumwe asubuhi, jani kwa jani juu ya kikapu, si kwa kung'oa fungu zima. Anayechuma jani kwa jani huona kila jani. Tena shina hubaki, huchipua upya, na mingine huachwa itoe mbegu za msimu ujao. Mtoto asitumwe kuchuma peke yake. Afuatane na bibi au mama mpaka ajue.

Mahali nako kuna maana. Usichume kando ya barabara kuu, kwenye mitaro ya maji taka, karibu na gereji, wala kwenye shamba lililopuliziwa dawa. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Hubaki udongoni miaka mingi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa, lakini udongo ulikuwa umeshachafuliwa. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi risasi.

Nani awe mwangalifu

Mtoto wa chini ya miezi 6 hunyonya maziwa ya mama peke yake. Kuanzia miezi 6, mboga iliyochemshwa na kupondwa kwenye uji au viazi inamfaa kuliko kinywaji. Asali asipewe hadi atimize mwaka mmoja.

Mgonjwa wa figo asianze smuthi za kijani kabla ya kumuona daktari, kwa sababu mboga na ndizi zina potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za majani kwa ghafla. Vitamini K iliyomo hubadilisha nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa wa kisukari apunguze matunda matamu na aongeze majani. Na yeyote anayetapika, kuona ukungu au kuchanganyikiwa baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya kinywaji na majani yaliyotumika, ili daktari ajue anachokabiliana nacho.

Kwa wanaouza

Vikundi vinavyotaka kuuza kinywaji hiki shuleni, sokoni au kwa wageni wa hoteli vina nafasi nzuri. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kutoa leseni na kudhibiti biashara za kuuza chakula kwa umma ni kazi ya serikali ya kaunti. Kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya, na pahali pa kazi pakaguliwe na afisa wa afya ya umma. Wasiliana na ofisi hiyo kabla ya kununua blenda, si baada ya kufungiwa meza.

Muuzaji amwambie mteja ni mboga gani iliyomo. Anayejibu "ni majani tu ya afya" hajui anachouza, au hataki kijulikane. Aseme pia, bila aibu, kwamba mboga yake imechemshwa, na asidai kwamba kinatibu kisukari, saratani au shinikizo la damu. Kinywaji kizuri hakihitaji uongo.

Wazee na kina mama, elimu hii iko mikononi mwenu zaidi kuliko vitabuni. Kijana ana blenda, bibi anajua jani lipi huchemshwa mara mbili. Kila kikundi kilichopo hapa kimtafute mama mmoja mzee anayezijua mboga za kijiji chake, na msimu huu kitoke naye shambani kabla jua halijawa kali. Vijana waandike majina ya mboga kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, na namna kila moja inavyopikwa. Wahudumu wa afya ya jamii wayabebe maandishi hayo katika ziara zao za nyumba kwa nyumba.