Mguu Wenye Baka Tangu Kuzaliwa: Mtoto Asifichwe, Apelekwe Kliniki



Mtoto huzaliwa na baka jekundu au la zambarau kwenye paja. Watu husema mama alitamani kitu akiwa mjamzito. Mtoto akianza kutembea, mishipa ya mguu huo hujitokeza kama kamba, na mguu huwa mnene au mrefu kuliko mwenzake. Hapo maneno hubadilika: amerogwa, au ni matende. Mtoto hufichwa nyumbani, wenzake wakienda shule.

Huo si uchawi. Ishara hizo tatu zikiwa pamoja, huenda ni ugonjwa wa Klippel-Trénaunay, uliopewa majina ya madaktari wawili wa Ufaransa walioueleza mwaka wa 1900. Ni ugonjwa nadra. Mara nyingi hutokana na badiliko la jeni iitwayo PIK3CA katika baadhi ya seli, mtoto akiwa bado tumboni. Kwa kawaida haurithiwi. Hauambukizi, na si kosa la mama. Matende ni mengine: huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na mtoto hazaliwi nayo.

Siku ya chanjo, mvue mtoto nguo na umwonyeshe muuguzi mguu mzima. Akipewa rufaa, hospitalini atapimwa mishipa kwa ultrasaundi. Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini hutunzwa. Soksi maalum za kubana, akishauri daktari, hupunguza uvimbe na maumivu. Kiatu cha mguu mfupi kikiongezwa soli, mtoto hutembea vizuri. Wengine huhitaji leza au upasuaji.

Tafadhali, mguu huo usikandwe wala kuchanjwa wembe. Mshipa ukivuja damu, mlaze mtoto, inua mguu, bana kwa kitambaa safi, kisha kimbilia hospitali. Mguu ukivimba na kuuma ghafla, ukiwa moto pamoja na homa, au akikosa pumzi, usingoje kesho: huenda damu imeganda au kuna maambukizi. Msichana mwenye hali hii naye azungumze na daktari kabla ya kutumia vidonge vya kupanga uzazi, kwani baadhi huongeza hatari ya damu kuganda.

Wahudumu wa afya ya jamii, mkimkuta mtoto kama huyu nyumbani, mketi na wazazi wake bila kuwalaumu. Mguu wake unahitaji daktari. Yeye anahitaji shule na marafiki.