Mkono Kwanza, Penseli Baadaye

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa watoto wa chekechea

 

Kila mwaka wa shule unapoanza, walimu wa chekechea huulizwa swali lile lile: mtoto ameingia PP1, mbona bado hawezi kuandika jina lake? Wazazi wengine huwa wameshanunua daftari. Jioni mtoto huketishwa, na kila herufi ikienda kombo anachapwa vidole. Mtoto huyo hujifunza kuogopa daftari kabla ya kujifunza kusoma. Mara nyingi yeye si mvivu wala si mjinga. Mkono wake ndio haujakomaa.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo bado ni gegedu, laini kama sikio. Hukomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na wa mwisho hukomaa mtoto akiwa ameshatoka chekechea. Misuli midogo ya vidole nayo hupata nguvu kwa kutumiwa. Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 huweza kuiga duara, wa miaka 4 msalaba, na wa miaka 5 mraba. Herufi hufuata njia hiyo hiyo.

Mazoezi ya vidole hayahitaji vifaa vya kununua.

Unga wa chapati ukikandwa, mtoto apewe donge lake alifinye na kuliviringisha. Mahindi makavu yakipukuchuliwa, apewe hindi ambalo safu mbili zimeshatolewa, asukume punje kwa kidole gumba. Nguo zikianikwa, abane soksi kwa vibanio. Kufinya kibanio hutumia vidole vile vile vinavyoshika penseli. Asubuhi aachwe afunge vifungo vya shati lake mwenyewe, hata akichukua dakika 5. Mtoto anayevishwa kila siku kwa sababu ya haraka hulikosa zoezi hilo. Na mchanga wa uani pamoja na kijiti ni daftari tosha.

Tahadhari ni moja. Punje za mahindi, maharagwe, shanga na vifungo vilivyobanduka si vya mtoto wa chini ya miaka 3, maana vinaweza kumsakama kooni. Hata aliye mkubwa asiachwe navyo peke yake. Harage likiingia puani au sikioni huvimba kwa unyevu. Usilichokoe, mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja.

Kuna faida nyingine. Anayecheza na mtoto ndiye wa kwanza kuona tatizo. Karibu na miezi 6, mtoto huanza kuhamisha kitu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Akikaribia mwaka mmoja, huokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu, huku mwingine umekunjwa ngumi, asisubiriwe akue. Apelekwe kliniki na kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa akiweza jambo, kisha akaacha. Hiyo si laana wala si kosa la mama. Akionwa mapema, mazoezi humfaa zaidi.

Lakini mtoto mkubwa anayependelea mkono wa kushoto, na wa kulia ni mzima, hana ugonjwa. Asilazimishwe kubadili.

Basi jioni ya leo daftari lingoje kidogo. Mtoto aitwe jikoni, apewe sukuma wiki akwanyue majani kutoka kwenye vikonyo. Vidole vitakavyofanya kazi hiyo leo ndivyo vitakavyoandika jina kesho.